Nyumba Yuko Analia

Fundi alikuwa mtu wa kuomba samahani. Aliomba samahani akikupima kiuno, aliomba samahani sindano ikivunjika, na siku moja nilimwona kwa macho yangu amejikwaa kwenye jiwe, akageuka, akaliambia jiwe pole. Nilikaa naye ukuta kwa ukuta pale Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa, tangu nilipoolewa mpaka tulipohamia Nundu, na nasema bila aibu: kuna siku adabu yake ilinichosha kuliko ulevi wa majirani wengine. Mlevi unaweza kumgombeza. Mtu wa namna ile utamgombeza nini? Kwa hiyo nikisikia watu wanasema Fundi alikuwa mtu wa kesi, mtu wa kukimbilia tribinali, mahakamani, nacheka mpaka nashika ubavu. Alishitaki mara moja tu maishani mwake, na hata siku hiyo alianza kwa kumwomba mshitakiwa radhi.

Kazi yake ilikuwa cherehani, ile ya kukanyaga kwa mguu, barazani, karibu ya soko. Hakuandika vipimo. Kila mteja alikuwa na kamba yake yenye mafundo, imetundikwa kwenye msumari: hii ya katekista, hii ya mwalimu, hii ndefu kuliko zote ya mwenye nyumba wake. Mteja akinenepa, Fundi hakumwambia. Alisogeza fundo kimyakimya, akasema, "Kitambaa ya siku hizi inapunguka, bwana, samahani." Baraka nzima ilinenepa bila kujua. Yeye mwenyewe suruali yake ilikuwa na viraka vya rangi tatu nyuma. Mganga hajigangi.

Alikuwa Mkatoliki kwa ubatizo na Mwislamu kwa salamu. Siku ya Mungu alikuwa misheni, kiti cha mbele, anaimba vibaya. Siku nyingine zote alikaa na wale wazee wa kanzu wa kando ya ziwa, akajifunza kwao namna ya kupokea kahawa, namna ya kuvua viatu, namna ya kusema jambo bila kulitaja. Na kwao ndiko alikookota lile neno lililokuja kumtia matatani.

Neno lenyewe ni nyumba. Kwa wale wazee, mwanaume wa heshima hasemi mbele za watu "bibi yangu". Anasema "nyumba yangu". Nyumba yangu hajambo. Nyumba yangu amekwenda Ubwari kwa msiba. Sisi tulioshuka kutoka milimani tulikuwa hatuna hayo. Kwetu nyumba ni miti, udongo, na nyasi juu. Fundi alilipenda neno hilo kupita kiasi. Miaka yote ile sikumsikia hata siku moja akitaja jina la mke wake. Ningejuaje kama si yule mama mwenyewe kuniambia?

Sasa nyumba ile nyingine, ya udongo, aliyopangishwa. Ee Mungu wangu! Nyasi za paa zilikuwa zimeoza zikawa nyeusi, na mvua ikinyesha nje kidogo tu, ndani iliendelea kunyesha mpaka kesho yake. Kila tundu lilikuwa na chombo chake: sufuria, beseni, kopo la maziwa, na chungu cha maharage juu ya kitanda. Kila chombo kilikuwa na sauti yake. Mume wangu alikuwa akisema, "Sikiliza, Fundi anapiga ngoma." Mchana wa mvua, upepo ukiipiga baraza, aliingiza cherehani ndani, akaifungia mwavuli, na mteja aliyekuja kujaribu koti alipewa mwavuli wa pili. Maji yale ya masizi yalidondokea kaptula nyeupe ya mwalimu, ikatoka na madoa kifuani mpaka magotini, sijui kaptula ilifikaje kifuani, alikuwa mfupi. Darasa zima likamwita Chui. Aliitwa hivyo mpaka alipohamishwa.

Mke wa Fundi alikuwa mwanamke wa Swima, mwenye kifua cha kukohoa na mdomo usioogopa mtu. Alivumilia misimu mitatu ya mvua. Asubuhi moja akakunja mkeka wake uliolowa, akaukamua mlangoni kama nguo, akauweka kichwani.

"Mimi si chura," akasema, na sisi majirani tukasikia wote. "Siku nitalala mukavu, nitarudi. Mbele ya ile siku, hapana."

Akaenda kwa baba yake. Haikupita wiki mbili, baba yake akatuma neno: mvua ya kwanza baada ya kiangazi ikimkuta binti yake bado yuko Swima, atarudisha mbuzi wa mahari, na biashara imekwisha. Fundi akaja kwangu, macho mekundu, anazungusha kofia mikononi.

"Shemeji, samahani. Nyumba yangu imeondoka juu ya nyumba."

"Sema vizuri, Fundi. Nyumba gani?"

"Zote mbili," akasema, akaanza kulia.

Nilimhurumia kweli. Nilimpa kiti, nikampa chai, na moyoni nilikuwa na hasira ya kumpiga mtu, sijui nani.

Mwenye nyumba alikuwa mzee wa mitumbwi miwili iliyokwenda Ubwari na kurudi na ndagala, dagaa wa ziwa letu. Mtu mkubwa, mzito, mchekeshaji. Si mbaya, ila alikuwa wa wale ambao jambo likiwa la mtu mwingine, wanaliona dogo. Fundi alimwendea mara tatu. Mara ya kwanza mzee akamwambia, "Mimi nilikupangisha nyumba, Fundi. Sikukupangisha mvua. Mvua uulize Mungu." Mara ya pili: "Sogeza kitanda." Mara ya tatu akamwambia kwa upole kabisa, "Kiangazi inakuja. Itaacha kuvuya yenyewe." Na kila mara Fundi alimshukuru, akarudi nyumbani na kamba mpya ya vipimo, maana mzee alikuwa amenenepa tena.

Mimi ndiye niliyemwambia habari ya Fizi. Nisijifiche. Nilimwambia, "Fizi iko na tribinali. Peleka maneno kule."

Akavua kofia. "Nitashitaki muzee namna gani, shemeji? Kanzu iko naye ku mwili ni mimi nilishona."

Akakaa siku mbili bila kushona. Siku ya tatu akaja amefurahi, kama mtu aliyeokota kitu njiani. Amepata njia ya adabu. Hatamshitaki mzee. Atashitaki nyumba. "Nyumba haina haya," akasema. "Nyumba haitakasirika."

Nilipaswa kumzuia pale pale. Sikumzuia. Nilikuwa nakanda unga.

Kutoka Baraka kupanda Fizi kwa miguu ni siku nzima ya kupumua kwa mdomo, na huko juu kuna baridi. Tribinali ilikuwa na wazuzi watatu, ndio mahakimu wetu, benchi nne, na karani mmoja, kijana wa milimani aliyesoma kwa mapadri. Huyu karani lazima nimweleze, maana bila yeye hakuna kesi. Shuleni alikuwa amepigwa fimbo kwa sababu ya neno "iko". Sisi huku tunasema mutoto iko nalala, baba iko nakuja, yote iko. Padri akamwambia hapana, mtoto yuko, baba yuko. Kijana akashika somo kwa nguvu zote za fimbo ile, akaamua kwamba kila "iko" duniani ni kosa. Ungemsikia akisema: ugali yuko tayari. Mvua yuko anakuja. Viatu vyangu yuko wapi? Na kwa sababu alivaa miwani, watu walimwamini.

Fundi akamwambia maneno yake kwa Kiswahili chetu, karani akayaandika kwa Kiswahili chake. Siku ya kesi tukapanda wote: Fundi, mimi kama shahidi, mume wangu wa kunichunga. Mwenye nyumba alipanda na gari la mfanyabiashara, pamoja na mabaharia wake wawili, amevaa kanzu mpya, anacheka na kila mtu. Karani akasimama chini ya picha ya mfalme wa Ubeleji, akasafisha koo, akasoma:

"Nyumba ya mzee huyu yuko mzee sana. Mgongo wake umepinda. Tumbo lake limepasuka upande wa ziwa. Mvua akinyesha, nyumba yuko analia mpaka asubuhi. Mlango wake hafungi, mbuzi wa majirani wanaingia. Mimi Fundi nimekaa naye miaka mitatu, nimelipa kila mwezi, na sikupata usingizi. Naomba wazuzi wamlazimishe mzee amtengeneze, au anipe mwingine."

Karani akavua miwani, akaifuta.

Halafu mwenye nyumba akainuka. Sijawahi kuona mtu mzito vile akiinuka haraka vile. "Huyu mutu," akasema, na sauti ilikuwa nyembamba, "huyu mutu anajua mugongo ya nyumba yangu namna gani?"

"Samahani, muzee," Fundi akasema. "Majirani yote banajua. Hata batu ya soko banaona."

Yoo! Benchi zikaanguka. Mabaharia wawili wa mzee wakamrukia Fundi, mume wangu akawarukia mabaharia, mzuzi mkubwa akapiga meza kwa kiatu. Waliponyamaza, wakaniita mimi, shahidi. Mzuzi akaniuliza kwa ukali: "Wewe mama, ulisikia hii nyumba analia?"

Nikasema kweli, nilikuwa nimeapa: "Kila siku ya mvua, baba. Tuko ukuta kwa ukuta."

Mzee akakaa chini, akafunika uso kwa kofia yake. Mimi bado sikuelewa. Naapa, sikuelewa. Nilifikiri amepata haya kwa sababu ya paa.

Wazuzi wakanong'onezana. Mmoja alikuwa wa kando ya ziwa, na kwake nyumba ni mke. Wawili walikuwa wa milimani, na kwao nyumba ni nyumba. Wakabishana mpaka jua likageuka, wakaamua jambo moja ambalo wote watatu walikubali: nyumba aletwe mbele ya tribinali, aonekane, ajieleze mwenyewe. Karani akaandika karatasi mbili za kuita, moja kwa Fundi, moja kwa mzee: Nyumba yuko anaitwa Fizi.

Tulishuka Baraka. Fundi alizunguka nyumba yake siku nzima, anaitazama, anaigusagusa. "Shemeji, nyumba inapandaje mulima?" Nikamwambia wamechanganyikiwa kule juu, waache. Lakini yeye, karatasi ya serikali ikisema lete, analeta. Mwisho akaja na jibu. "Mulango," akasema. "Mulango ndiyo uso ya nyumba. Nitapeleka uso."

Basi akang'oa mlango. Mlango wa mninga, mzito, kitu kizuri peke yake katika nyumba ile. Akaubeba kichwani kutoka Baraka mpaka Fizi, mchana wa jua, mimi na mume wangu nyuma yake, na njiani watu walimpisha wakavua kofia, wakidhani ni jeneza. Yeye aliwajibu mmoja mmoja: "Hapana, samahani, ni mulango. Iko naenda kujieleza."

Tulipofika, tukakuta gari la mfanyabiashara limesimama mbele ya tribinali. Mwenye nyumba akashuka. Halafu akamshusha mwanamke amejifunika kuanzia utosi mpaka kisigino, anatembea kidogokidogo, amepinda mgongo. Hapo ndipo nilipoelewa. Nikashika mdomo. Fundi pia akaelewa, nilimwona akielewa. Mlango ulianza kutikisika juu ya kichwa chake.

Ndani kukawa na nyumba mbili. Moja imeegemezwa ukutani, na nyingine imekalishwa kwenye kiti. Mzuzi mkubwa akatazama hii, akatazama ile.

"Nyumba ajieleze," akasema.

Fundi akapiga magoti, akaanza kueleza kwamba yeye hakumaanisha, kwamba alisema paa, kwamba ni nyasi, ni mvua, samahani Bibi, samahani muzee, samahani mufalme. Lakini yule mama akainua mkono. Akasema, "Wacha. Basome tena ile karatasi."

Karani akasoma tena. Yule mama akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akafunua uso, mbele ya wanaume wote, na ulikuwa uso wa mwanamke mzee aliyechoka.

"Yote ni ya kweli," akasema. "Niko muzee. Mugongo inaniuma miaka saba. Na mvua ikikuja, mufupa inauma, nalia mpaka asubuhi. Bwana yangu iko nalala. Sasa nataka kujua: huyu fundi alijua namna gani, na mutu ya nyumba yangu hakujua?"

Mzee akashusha kofia yake mpaka machoni. Nililia, nasema wazi. Nililia na mkono bado uko mdomoni kwa kuzuia kicheko, vyote viwili pamoja.

"Na kitu ingine," mama akaendelea. "Ile nyumba ya Fundi ni yangu. Ni mahari yangu. Ulinipa mwaka tulioana, na mwaka jana uliniambia umeweka mabati juu." Akageuka kumtazama mumewe. "Mabati iko wapi?"

Mzee akatazama mlango, kama vile mlango ungemsaidia.

Wazuzi hawakutoka hata kwenda kuongea pembeni. Mkubwa wao alitoa hukumu ya maneno saba, na mpaka leo sijasikia hukumu bora: "Mwenye nyumba atengeneze nyumba mbele ya mvua." Mtu mmoja kwenye benchi akauliza, nyumba ipi? Mzuzi akavaa kiatu chake. "Kesi imekwisha," akasema.

Mzee akatengeneza zote. Mabati yalifika kwa mtumbwi, yanang'aa mpaka yanaumiza macho. Na asubuhi tulimwona yeye mwenyewe, mzee wa mitumbwi miwili, anatoka sokoni na chupa ya mafuta ya kukanda mgongo, anaificha chini ya kanzu kama mwizi.

Mke wa Fundi alikuja na kaka zake wawili, kiangazi bado, hakuna wingu hata moja. Hakuamini mabati kwa kuyaona. Akamlaza Fundi kitandani, chali, akawapandisha kaka zake juu na ndoo za maji ya ziwa. Wakamwaga ndoo ishirini na moja, nilihesabu mimi. Kila ndoo, mke anauliza kutoka nje, "Iko navuya?" na Fundi anajibu kutoka ndani, "Hapana, samahani." Mwisho akaingia, akagusa shuka, akagusa na uso wa mume wake. Ulikuwa umelowa, lakini si kwa maji ya paa.

Halafu akageuka. "Na mulango?"

"Iko Fizi."

"Inafanya nini Fizi?"

"Inangoja," Fundi akasema.

Na kweli ulikuwa unangoja. Karani alikuwa ameuandika katika kitabu cha tribinali: Nyumba yuko hapa, ameegemea ukuta. Fundi alipokwenda kuuomba mlango wake, karani alifungua kitabu, akamwonyesha: hapa hakuna mlango. Kuna Nyumba. Na Nyumba alishinda kesi yake, kwa hiyo hachukuliwi na mtu, isipokuwa Nyumba mwenyewe aje atie kidole kwenye wino. Yule mama mzee akasema Fizi alishafika mara moja, inatosha. Kila kiangazi Fundi alipanda kuuomba, kila kiangazi alishuka mikono mitupu, na alipouona kule, alinieleza, aliusalimia. Akashona rido, pazia la maua mekundu, akalitundika mahali pa mlango. Ukitaka kuingia kwao, unakohoa. Mke wake anakujibu kwa kukohoa pia. Ndivyo walivyoishi, na sikumsikia yule mwanamke akilalamika. Alisema aliondoka kwa sababu ya mvua, hakuondoka kwa sababu ya wezi.

Sisi tukahamia Nundu. Miaka ikapita, tukasikia kwamba maneno ya uhuru yanakaribia, na mwaka huo mvua ikanyesha kama haijui kusimama. Habari zikaja kwamba Baraka nyumba nyingi zimeanguka, na kwamba watu wamefia ndani. Sikulala. Asubuhi nilipanda gari la samaki, na njia nzima sikuzungumza na mtu.

Mahali pa nyumba yangu ya zamani palikuwa na rundo la udongo. Ukuta wetu ule wa pamoja haukuwepo. Mabati ya Fundi niliyaona kwa mbali, yamepata kutu, yamelala upande kidogo. Nikatafuta rido. Hakukuwa na rido. Kulikuwa na mlango wa mninga, umefungwa, na juu yake wino wa tribinali, herufi kubwa: NYUMBA. Baadaye niliambiwa kwamba karani alibadilishwa, na yule mpya aliutazama mlango akauita mlango.

Lakini saa ile sikujua hayo. Nilijua tu kwamba kwao hakufungwi, na sasa kumefungwa. Mlango hufungwa watu wakiwa wameondoka. Nikapiga hodi. Nikapiga tena.

"Nani?" Ilikuwa sauti ya Fundi, imezeeka.

Nikataka kumuuliza: mke wako mzima? Kifua kile cha kukohoa, na mvua hii yote. Nikajikuta nauliza kwa adabu yake yeye, mimi ambaye sina adabu: "Fundi, ni mimi, shemeji. Nyumba iko?"

Ndani mtu akakohoa, kikohozi ninachokijua, na sauti isiyoogopa mtu ikasema, "Mujibu vizuri, kama karani!"

"Samahani, shemeji," Fundi akasema, na nikamsikia anainua komeo. "Iko. Na yuko."